Motokaa Isiyokunywa Maji

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akiisha kupita Mbezi na Kiluvya, huingia katika mji wa Kibaha. Na miongoni mwa kata za mji huo imo Tangini. Watu wa pande hizi wamezoea kulala na kuamka kwa mlio wa magurudumu. Barabara yao ndiyo iliyopitisha malori ya mafuta ya Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitwalia madaraka tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya kusini ikawa haitegemeki tena. Kibaha hiyo hiyo kilijengwa baadaye kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania. Mahali pa namna hii hapakosi mafundi, wala hapakosi motokaa kuukuu iliyoegeshwa chini ya mwembe au mkorosho, ikimngoja mtu wa kuihurumia.

Katika motokaa kuukuu iko jamii moja inayostahili kuandikiwa historia yake peke yake, nayo ni ile isiyotiwa maji. Haina rejeta wala mipira ya kupitisha maji. Injini yake imewekwa nyuma, nayo hupozwa na upepo unaosukumwa na feni. Mkubwa wa ukoo huo ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, na mdogo wake, aliyemzidi kaka kwa mbio na kwa majivuno, ni Porsche. Wapenda mwendo huuliza: je, mtu wa mshahara wa kadiri aweza kuipata motokaa ya mbio ya ukoo huu, na akaitunza bila kufilisika? Swali ni la fedha, walakini sehemu kubwa ya jibu lake imo katika historia.

Ukoo huu ulianza kwa ahadi ya urahisi. Katika mwaka wa 1938 serikali ya Hitler iliwatangazia Wajerumani kwamba kila mfanyakazi aweza kupata motokaa kwa kununua stempu za akiba, marki 5 kila juma, hata itimie bei yake ya marki 990. Mwunda mitambo, Ferdinand Porsche, alichagua injini ya kupozwa kwa upepo kwa sababu iliyo wazi: mkulima wa Ujerumani hakuwa na banda la motokaa, na maji yangeganda ndani ya injini usiku wa baridi na kuipasua. Watu zaidi ya 330,000 walijiandikisha kuweka akiba. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 kiwanda kikageuzwa kuwa cha magari ya jeshi, na hata mmoja wa waweka akiba hao hakukabidhiwa motokaa yake. Baada ya vita ofisa wa Kiingereza, Ivan Hirst, ndiye aliyekifufua kiwanda kile. Nao waweka akiba waliendelea kudai mahakamani hata mwaka wa 1961, walipokubaliwa kupunguziwa bei au kulipwa fedha kidogo. Basi tangu mwanzo jambo moja lilikwisha kujulikana: bei itangazwayo ni neno moja, na gharama aipatayo mnunuzi ni neno jingine.

Mdogo wa ukoo alizaliwa mwaka wa 1948 huko Gmünd, Austria. Ferry Porsche, mwana wa Ferdinand, alitwaa injini, gea, breki na sehemu nyingine za Volkswagen, akazivika bodi nyepesi, ikatokea motokaa ya mbio iliyoitwa 356. Si kweli, kama wengi wadhanivyo, kwamba motokaa ya tajiri ilizaa ya maskini. Ile ya maskini ndiyo iliyotangulia, na ya tajiri ikatoka ubavuni mwake. Katika mwaka wa 1963 ilionyeshwa Frankfurt motokaa iliyokuja kuitwa 911, yenye silinda sita. Nayo iliendelea kuundwa kwa injini ya upepo, kwa sura baada ya sura, hata mwaka wa 1998.

Kilichofanywa kwa sababu ya baridi ya Ulaya kilikuja kufaa kwa sababu ya joto la Afrika. Mahali ambapo kisima kiko mbali, injini isiyodai maji ni neema. Na rejeta isiyokuwapo haiwezi kutobolewa na jiwe. Tena uzito wa injini, kwa kuwa uko juu ya magurudumu yanayosukuma, huyakandamiza matopeni yasizunguke bure. Mwisho wa Mei 1953 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Washindani walianzia Nairobi, Kampala na Morogoro, mji ule ule iendako barabara ya Kibaha. Madaraja ya mashindano yalipangwa kwa kufuata bei ya motokaa dukani, wala si kwa ukubwa wa injini. Volkswagen ya Alan Dix, yenye nguvu za farasi 25 tu, ilirudi na makosa machache kuliko magari yote, yakiwamo yaliyoizidi bei mara kadhaa. Volkswagen ilishinda tena mwaka wa 1954, na wa 1957, na wa 1962.

Porsche ilipokuja katika mashindano hayo, ilikuja na sifa kubwa. Katika mwaka wa 1972 Sobiesław Zasada alishika nafasi ya pili kwa 911. Mwaka wa 1974 Björn Waldegård alishika nafasi ya pili, nyuma ya Joginder Singh aliyeendesha Mitsubishi Lancer. Mwaka wa 1978 Vic Preston kijana akashika nafasi ya pili tena. Mara tatu ilikuwa ya pili, wala haikupata kuwa ya kwanza. Waldegård mwenyewe alingoja hata mwaka wa 2011, akiwa na umri wa miaka 68, ndipo aliposhinda kwa 911 mashindano ya Safari ya magari ya kale. Wapinzani wa 1974 hawakuwa wale wa 1953, na si haki kuvipima vizazi viwili kwa mizani moja. Hata hivyo neno moja halikanushiki: katika barabara za Afrika ya Mashariki uimara wa motokaa haukupata kufuata bei yake.

Walakini mashindano ni siku chache, na maisha ya motokaa ni miaka mingi. Mtihani wa kweli ulikuja baadaye. Bei ya mafuta ilipanda mwishoni mwa 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka wa 1977. Vita vya Kagera vikafuata mwaka wa 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika Tanzania, na pamoja nazo vipuri, matairi na oili. Hata kuendesha motokaa za watu binafsi Jumapili alasiri kulipigwa marufuku ili petroli isipotee. Wakati huo huo Volkswagen ya mgongo wa mviringo iliacha kuundwa Ujerumani: ile ya mwisho ya paa gumu ilitoka Emden mwezi wa Januari 1978, na mahali pa kuiunda pakabaki ng'ambo ya bahari, Brazil na Mexico.

Katika miaka hiyo motokaa nyingi ziliishi kwa mikono ya mafundi. Fundi aliikata gasketi kwa karatasi ngumu, akaichonga bushi kwa mashine ya kukereza vyuma, akaifungua motokaa moja iliyokufa ili zipone mbili. Injini ya upepo ilimsaidia: imeshikwa kwenye gea kwa boliti nne tu, na watu wawili wenye jeki waweza kuishusha mchana mmoja. Kazi hiyo ilistahili heshima, lakini si vyema kuisifu mpaka kuficha hasara yake. Uhaba hufundisha werevu, na pia hufundisha kuridhika na pungufu. Mabati yanayouongoza upepo kuzunguka silinda yalipotoboka, mara nyingine yaliondolewa na kutupwa. Mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini ulipooza, haukurudishwa. Gari lilitembea, na mwenyewe akafurahi, huku silinda zikiungua kidogo kidogo.

Tangu mwaka wa 1984, biashara ilipolegezwa na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na hasa baada ya 1986, zilianza kuingia kwa wingi motokaa za Kijapani zilizotumika. Zile za upepo zikasukumwa kando. Yale yaliyotendwa na kuachwa kutendwa katika miaka ya uhaba yangali ndani ya chuma chake, na mnunuzi wa leo huvinunua vyote pamoja: kazi ya fundi hodari, na deni aliloliacha.

Kwa hiyo mtu wa Tangini anayetamani motokaa ya mbio ya ukoo huu na ayajue haya kabla ya kufungua mkoba. Kwanza, ulimwengu umegeuka. Tangu 911 ya mwisho ya upepo ilipotoka mwaka wa 1998, bei ya zilizobaki imepanda sana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Tanzania huruhusu, lakini huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada juu ya kodi nyingine. Basi aghalabu ni nafuu kuitafuta motokaa iliyokwisha kuwamo nchini. Pili, hapana lazima ya kuanzia juu. Iko Karmann Ghia, iliyoundwa tangu 1955 hata 1974, yenye bodi ya kupendeza juu ya mitambo ya Volkswagen ya kawaida. Mwendo wake si mkali, lakini fundi aijuaye Volkswagen ameijua nayo. Iko 912 ya miaka ya 1965 hata 1969, yenye umbo la 911 na silinda nne. Iko pia 914 ya miaka ya 1969 hata 1976, ambayo nyingi zake zina injini ya silinda nne ya Volkswagen.

Tatu, ajihadhari na 911 inayouzwa chini ya wenzake. Katika zile za mwaka 1974 hata 1977 zenye injini ya lita 2.7, boliti ndefu zinazoshika vichwa vya silinda huchomoka katika kasha la injini, kwa sababu kasha hilo la magnesiamu hulegea kwa joto. Kadhalika vikaza-minyororo vya injini zilizotangulia mwaka wa 1984 vilijulikana kwa kuharibika, na mnyororo ukilegea valvu hugongana na pistoni. Ukarabati mmoja wa namna hiyo waweza kuzidi bei aliyoilipa mnunuzi. Rahisi huvunja upishi.

Nne, aitazame kutu kabla ya rangi. Hewa ya Pwani ina chumvi, nayo hula chuma kutoka ndani. Katika Volkswagen na ainue kiti cha nyuma, atazame sakafu chini ya betri; aguse kingo za chini ya milango; kisha aishike puli ya krenki na kuivuta mbele na nyuma. Ikicheza kwa kugonga, injini hiyo yataka kufunguliwa yote. Rangi mpya iliyopakwa juma lililopita isimpumbaze. Yamkini imepakwa ili kufunika.

Utunzaji wenyewe si ghali, bali wataka uaminifu. Injini ya Volkswagen hubeba oili lita 2 na nusu tu, nayo ina chujio la waya peke yake. Oili hiyo ndiyo ishikayo nafasi ya maji, basi ibadilishwe kila kilometa 5,000 au kabla yake. Mwanya wa valvu upimwe injini ikiwa baridi kabisa. Mabati yote na mpira wa ukingo virudishwe mahali pake, ili hewa iliyokwisha kupata moto chini isipande kuingia tena juu. Mipira ya petroli ibadilishwe kabla haijapasuka, maana petroli ikimwagikia injini ya moto huteketeza motokaa nzima. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, dereva asimame pale pale. Mkanda uzungushao jenereta ndio huo huo uzungushao feni. Mwenye kusema kwamba betri itamfikisha nyumbani hufika na betri nzima na injini iliyokufa.

Gharama kubwa kuliko zote hazimo katika orodha hii. Nazo ni kumpata fundi anayejua. Wale waliojifunza kazi hii katika miaka ya 1960 na 1970 ni wazee sasa, na wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kijana wa gereji ya leo amelelewa kwa injini za maji, na akiambiwa kwamba injini hii imechemsha hutafuta mfuniko wa rejeta. Mwenye motokaa ya upepo afanye kama walivyofanya wenye busara wa zamani: amweke kijana karibu na mzee siku injini inaposhushwa, naye mwenyewe asimame hapo na kitambaa mkononi, ajifunze. Vipuri vyaweza kuagizwa kutoka Ujerumani au Brazil na kufika Kibaha. Ujuzi wa kuvifunga hauagizwi popote.

Wajerumani wale wa 1938 walilipa marki 5 kila juma kwa motokaa wasiyoiona. Mtu wa leo huiona motokaa kwanza, na kisha ndipo huanza kulipa kila juma. Akilijua hilo tangu siku ya kwanza, akatenga fungu la matunzo kabla ya kutenga fungu la bei, aweza kuimiliki bila aibu wala deni. Asipolijua, miembe ya Kibaha ina kivuli cha kutosha motokaa moja zaidi.