Al-Latwiif: Maana Yake na Kuomba Kwalo

Al-Latwiif ni katika Majina Mazuri ya Allaah: Mjuzi wa yaliyofichikana, hata yakiwa madogo vipi, na Mpole anayemfikishia mja kheri kwa njia asiyoitarajia. Nabii Yuusuf ('alayhis-salaam) alilitaja baada ya kisima, utumwa na jela, alipokutanishwa na wazazi wake (Yuusuf: 100).

Tunaulizwa sana kuhusu kusoma "Yaa Latwiif" mara 129. Idadi hiyo ni hesabu ya abjad (laam 30, twaa 9, yaa 10, faa 80). Haikuthibiti kwa Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Muombeni Allaah kwa jina hili bila ya kujifunga na idadi, na mtaje haja zenu, hata kwa Kiswahili. Anayedai pesa akusomeeni ili deni lilipike au mume arudi, msimpe.