Mifuatano ya herufi katika Python

Mfuatano wa herufi (pia: stringi) katika lugha ya programu Python ni aina ya data inayohifadhi maandishi, kama vile jina la mtu, anwani au sentensi. Ndani yake huweza kuwa na herufi, tarakimu, nafasi tupu na alama za uandishi. Katika Python aina hii huitwa str. Kompyuta haielewi maana ya maandishi hayo. Huyashughulikia alama moja baada ya nyingine, na makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kusahau jambo hilo.

Kuandika mfuatano

Mfuatano huwekwa kati ya alama za kunukuu, ama za mkato mmoja (') ama za mikato miwili ("). Kwa maneno ya Kiswahili yenye ritifaa, ni afadhali kutumia mikato miwili:

neno = "ng'ombe"

Ukiandika 'ng'ombe', Python huona kwamba mfuatano umeishia baada ya ng, na hutoa kosa la sintaksia.

Urefu na nafasi

Kila alama ina namba ya nafasi yake, na hesabu huanza na 0, si 1. Nafasi zikihesabiwa kutoka mwisho, huanza na -1.

len(neno) hutoa 7, kwa sababu ritifaa nayo huhesabiwa
neno[0] hutoa n
neno[-1] hutoa e
neno[0:3] hutoa ng' (alama ya nafasi ya 3 haimo)
neno[3:] hutoa ombe

Mfuatano haubadiliki

Mfuatano ukishaundwa hauwezi kubadilishwa. Kuandika neno[0] = "N" huleta kosa. Amri zinazoonekana kuubadilisha hutengeneza mfuatano mpya na kuuacha ule wa zamani kama ulivyokuwa:

jina = "asha"
jina.upper()
print(jina)

Programu hii huchapisha asha, si ASHA. Ili kupata herufi kubwa, matokeo lazima yahifadhiwe: jina = jina.upper(). Ndivyo ilivyo pia kwa strip, inayoondoa nafasi tupu za mwanzoni na mwisho, na replace, inayoweka alama nyingine mahali pa zile za awali.

Maandishi na namba

Alama ya + huunganisha mifuatano. Kwa hiyo "2" + "3" hutoa "23", wala si 5. Amri ya input, inayopokea maandishi kutoka kwenye kibodi, daima hutoa mfuatano. Umri ulioandikwa na mtumiaji hugeuzwa kwanza kuwa namba kwa int kabla ya kujumlishwa.

Kulinganisha

Mifuatano miwili ni sawa iwapo alama zake zote ni zilezile. "Juma" na "juma" si sawa. Katika kupanga orodha, "Zanzibar" hutangulia "arusha", kwa kuwa namba za siri za herufi kubwa A hadi Z ni ndogo kuliko za a hadi z. Kugeuza maneno yote kwa lower kabla ya kuyalinganisha huondoa tatizo hilo.

Ritifaa huleta tatizo lililojificha zaidi. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’). Kwa msomaji neno ni lilelile, lakini kwa Python "ng'ombe" na "ng’ombe" ni mifuatano tofauti. Kamusi au orodha ya majina inaweza kujibu kwamba neno halimo, ilhali limo. Dawa yake ni kusawazisha alama kabla ya kutafuta:

neno = neno.replace("’", "'")

Unicode

Tangu Python 3.0, iliyotolewa Desemba 2008, mfuatano wa kawaida hutumia mfumo wa Unicode, unaobeba maandishi ya lugha mbalimbali. Herufi za Kiswahili cha kisasa huchukua baiti moja kila moja zikihifadhiwa kwa UTF-8, lakini za Kiarabu, zilizotumika kuandika Kiswahili kwa karne kadhaa, huchukua baiti mbili. Hivyo len("سواحلي") hutoa 6, ingawa neno hilo huchukua baiti 12.