Tony Bennett, 'MTV Unplugged': Vile Mzee wa Miaka 67 Aliteka Stesheni ya Vijana

Kama umewahi kumskia Tony Bennett, pengine ni kupitia Lady Gaga. Uliona mzee wa suti, mvi zimechanwa fiti, anaimba na Gaga kama watu wamejuana tangu utotoni. Lakini kazi iliyomrudisha kwa vijana ilitoka 1994, kabla hata mimi sijazaliwa. Inaitwa MTV Unplugged, imerekodiwa laivu New York mbele ya watu, na ndani yake hakuna wimbo hata mmoja mpya. Ni zilizopendwa mwanzo mwisho.

Ili uelewe mbona hiyo ni noma, rudi nyuma kidogo. Jina lake la nyumbani ni Anthony Dominick Benedetto, mtoto wa Queens, New York, mzaliwa wa 3 Agosti 1926. Babake, mhamiaji kutoka Italia, alifariki Tony akiwa na miaka 10, mamake akawalea kwa kushona nguo. Miaka ya 50 alikuwa moto wa kuotea mbali. 1962 akatoa "I Left My Heart in San Francisco", ikampa Grammy, na akaiimba mpaka uzeeni.

Halafu rock ikaingia. Kampuni yake ya Columbia ikaanza kumsukuma aimbe ngoma za vijana. 1970 akakubali shingo upande, akatoa albamu ya hits za wakati huo, na kusema ukweli, hata yeye mwenyewe hakuipenda. Akatoka Columbia, akaanzisha lebo yake, Improv, nayo ikaanguka 1977. Kufikia 1979 mambo yalikuwa yameenda mrama kabisa. Watu wa kodi walikuwa wanaitaka nyumba yake Los Angeles, na kokeini karibu imuue.

Aliyemwokoa ni mtoto wake, Danny. Huyu Danny alikuwa amejaribu mziki na bendi yake, haikushika, lakini alijua kupanga biashara. Akashika mahesabu ya buda, akamrudisha New York, na 1986 Columbia wakamchukua tena. Hapa ndipo rada ya Danny ilikuwa tofauti na ya wale mabosi wa kitambo. Wao walitaka mzee abadilishe nyimbo. Danny aliacha nyimbo na suti vile zilivyo, akabadilisha tu mahali pa kuzipeleka. Tony akatokea kwa The Simpsons. 1993 akasimama kwa tuzo za MTV na jamaa wa Red Hot Chili Peppers. Video yake ya "Steppin' Out with My Baby" ikaanza kuchezwa MTV.

Mwaka uliofuata akaitwa Unplugged, ile shoo ambapo wasanii wa rock walikuwa wanaweka gita za umeme kando. Sasa cheka kidogo: Tony hakuwa na kitu cha kuchomoa! Alikuja na watu watatu tu: Ralph Sharon kwa piano, Doug Richeson kwa besi na Clayton Cameron kwa ngoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku.

Nyimbo ni kama 20. Kwa maoni yangu kilele ni "Fly Me to the Moon". Wengi mnaijua ile ya Sinatra inayokimbia. Tony anaipoesha mpaka unaskia kila neno. Wageni ni wawili. k.d. lang anaingia kwa "Moonglow" na sauti zao zinashikana poa sana. 2002 hawa wawili wakatoa albamu nzima pamoja. Elvis Costello naye yuko kwa "They Can't Take That Away from Me". Mimi hiyo hainibambi sana, sauti zinavutana.

Halafu ikafika Grammy za 1995. Kwa kitengo kikubwa kabisa, Albamu ya Mwaka, alikuwa na Eric Clapton, Bonnie Raitt, Seal na wale Three Tenors. Mzee akabeba! Kando na hiyo, albamu ikauza zaidi ya kopi milioni moja Marekani pekee.

Kuanzia hapo vijana ndio walikuwa wanamtafuta. Amy Winehouse alirekodi naye "Body and Soul" Machi 2011, na ndiyo ikawa rekodi yake ya mwisho kabla afariki Julai mwaka huo. Ngoma hiyo hiyo iko kwa Unplugged, Tony akiwa peke yake. Na Gaga alisimama naye Radio City, New York, Agosti 2021, siku mzee anafikisha miaka 95, wakati familia ilikuwa tayari imesema ana Alzheimer's. Alifariki 21 Julai 2023.

Ukiitafuta, usianze na "San Francisco". Anza na "It Had to Be You", usiku, nyumba ikiwa imenyamaza, halafu urukie "Moonglow".