Mkunazini, masuria na kanga ya kisutu



Kila tukienda Darajani kutafuta vitambaa tunapita karibu na lile kanisa la Mkunazini, lakini wengi wetu tunaona ni pa wageni. Safari hii tuliingia, kanisani na kwenye makumbusho yaliyo pembeni yake. Wapo watakaouliza Muislamu anafuata nini kule. Hatukwenda kuabudu. Tulikwenda kusoma habari za bibi zetu.

Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Seyyid Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo wamishionari wakaanza kujenga. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere, yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili za hapa Unguja, naye amezikwa nyuma ya altare. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe. Inasemekana ndipo uliposimama mti waliofungwa watu wakachapwa. Madirisha ni ya vioo vya rangi, na rangi zile mshonaji yeyote angezitamani. Nyuma ya altare wamechorwa watakatifu wa Misri, Carthage na Uhabeshi, na dirisha jengine ni la kumkumbuka Livingstone. Waliouzwa utawakuta nje, uani: sanamu za watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Kiswidi ya mwaka 1998.

Sasa hapa tuelewane. Kufungwa soko hakukuwa kumaliza utumwa. Amri ya kuuondoa ilitoka 1897, na masuria hawakuhesabiwa ndani yake. Ilisemekana wao ni kama wake, basi wabaki majumbani. Wakangoja mpaka 1909. Miaka 12! Anayesema suria aliishi raha kwa sababu alivaa dhahabu, ajiulize kama yeye angekubali kuolewa bila kuulizwa. Ndoa yetu ina idhini ya mwanamke na ina mahari yake mkononi. Suria hakuwa na hayo. Sheria ilimpa kitu kimoja: akimzalia bwana wake, hauzwi tena, na bwana akifa yeye huru. Watoto wake walikuwa halali kama wengine. Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na mama wa Bibi Salme aliletwa kutoka nchi ya Wacherkesi. Kwa hiyo tusiseme utumwa ni habari ya watu wengine. Na dini yetu imeweka kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara, jambo ambalo wenye mashamba ya karafuu walilijua vizuri.

Sisi washonaji macho yetu huenda kwenye nguo. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki au merikani, nguo isiyo na ua. Walipokuwa huru, wanawake wengi jambo la mwanzo walilolitaka ni kanga, doti nzima yenye pindo na mji wake, na baadaye buibui, ili mtu akiwaona njiani asijue nani alikuwa nani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kwa wazazi wa asili hiyo, akauza vyungu, na mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri. Hata unyago, ambao kungwi anamfundia biharusi mpaka leo, ulikuja na wanawake walioletwa kutoka bara. Kile kisutu chekundu tunachokifunua siku ya harusi kimepita kwenye mikono hiyo.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla makundi ya watalii hayajajaa. Chukueni na mabinti waliofika darasa la sita hivi, na muwasomee polepole yale maelezo ya ukutani, kwani maandishi ni mengi.