Moto wa Juu

Wapishi wa pwani wana kitenzi ambacho vitabu vya upishi vilivyotafsiriwa havina: kupalia. Mkate ukishamiminwa katika sufuria na kutengwa jikoni, mpishi huchukua makaa yaliyokolea, akayapanga juu ya kifuniko au juu ya kipande cha bati, na yale ya chini akayapunguza hadi yakabaki machache. Moto wa chini hupandisha. Moto wa juu huivisha na kuupa mkate uso wake. Kwa tendo hilo dogo seredani, ambayo kwa umbile lake ni jiko la kuchemshia na kukaangia, hugeuka kuwa tanuri. Mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, hamira na iliki, umeokwa hivyo visiwani na katika miji yote ya mwambao, na ulipofika Dar es Salaam ulikuta uwanja unaoufaa: ua wa nyumba ya Kiswahili.

Nyumba hiyo inafahamika. Ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani, penye kisima au bomba, choo, na majiko ya wapangaji yaliyopangwa ukutani, kila mke na lake. Magomeni, Temeke na sehemu kubwa ya Kinondoni ya zamani zilijengwa kwa namna hiyo, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati serikali ya kikoloni ilipopima viwanja vya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala zilizokwisha kufurika. Mji ulikuwa umegawanywa tokea wakati wa Wajerumani, na Waingereza wakaukaza mgawanyo huo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma. Tanuri la chuma lenye mlango lilikuwa jambo la Oyster Bay. Uani hapakuwa na tanuri, wala haikutarajiwa kwamba pangekuwa nalo.

Lakini waliolitumia tanuri la Oyster Bay hawakuwa Wazungu. Kazi ya upishi katika nyumba za maofisa ilikuwa ya Waafrika, tena wanaume. Walijifunza pai, keki na pudini kwa maelekezo ya mabibi ambao mara nyingi hawakujua Kiswahili zaidi ya amri. Ni kundi ambalo historia ya mji imelitaja kwa haraka mno. Wakati wa vita wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani walikuwa na chama chao, na Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini walifanya mgomo mkubwa mjini, miaka mitano kabla ya uhuru. Mtu anayekumbukwa kwa jina la "boi" alikuwa fundi mwenye madai. Jioni aliporudi kwake, ujuzi wake ulirudi naye. Na huko uani alimkuta mkewe au dada yake akipalia makaa juu ya mkate wa kumimina, jambo ambalo tanuri la bibi lilikuwa limemfanya yeye alisahau.

Hapo ndipo mikondo miwili ilipokutana, na kutoka hapo ndipo ieleweke nafasi ya andazi moja la kigeni, lile ambalo Wamarekani huliita "cobbler". Ni matunda mabichi yaliyokatwa, yakatiwa sukari, yakafunikwa kwa unga uliokorogwa, yakaokwa hadi maji yake yachemke pembeni na uso ukakauke. Mtu anayeliona leo katika oveni ya umeme hulidhani ni kitu cha jikoni la kisasa. Sivyo. Katika karne ya 19 liliokwa na watu waliosafiri kwa magari ya ng'ombe kuelekea magharibi bila tanuri, wakiwa na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na kifuniko chenye ukingo, ili makaa yakae juu yasianguke. Katika mashamba ya kusini, mabibi na mabwana waliliwa mezani yaliyookwa namna hiyo hiyo na wapishi watumwa, Waafrika na wana wa Waafrika, waliosimama mbele ya meko ya wazi. Kwa maneno mengine, andazi hilo limetokana na kupalia. Mpishi wa Temeke anayelioka juu ya seredani haigi vibaya kitu cha tanuri, bali analirudisha lilikotoka.

Tunda lake mashuhuri ni pichi. Neno hili lililoingia kutoka Kiingereza lina safari ndefu kuliko linavyoonekana. Mti ulitokea China, ukapita Uajemi, na Warumi walioupokea kutoka huko wakaliita tunda lake tunda la Kiajemi. Kutokana na neno hilo la Kilatini Wareno, Wafaransa na Waingereza walipata yao. Kamusi za Kiswahili zina neno jingine, fyulisi, na mti wake mfyulisi, ambalo watu wa mwambao wa leo wengi hawalitumii kabisa. Ni hasara, kwani ni neno tamu kinywani na lingefaa sana katika kina cha shairi. Pwani ambayo koo zake nyingi hujinasibisha na Shirazi imelipokea tunda la Uajemi kwa jina la Kiingereza, na mti wenyewe haikuupata.

Sababu ni baridi. Mfyulisi hulala wakati wa kipupwe, na usipopata majuma ya kutosha ya baridi macho yake hayafunguki sawasawa, hauchanui, hauzai. Omani unamea Jabal Akhdar, juu milimani, na si Maskati. Tanganyika ulipata makao katika milima ya Usambara, hususan Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuufanya mahali pa kukimbilia joto la Tanga na Dar es Salaam. Wamisionari na walowezi walipanda huko matunda ya kwao, na Wasambaa wakayafanya yao: mapichi, mapeasi, na yale wanayoyaita plamsi. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905. Kwa Dar es Salaam njia ilikuwa ya mzunguko hadi barabara zilipotengenezwa. Leo tenga lililopakiwa jioni Lushoto laweza kuwa Temeke Stereo au Mabibo alfajiri.

Msimu ni mfupi, mwisho wa mwaka na mwanzo wa unaofuata, na pichi lililoiva halivumilii lori. Yanayofika Dar es Salaam salama aghalabu ni madogo na magumu kidogo. Mlaji atalalamika, mwokaji hana budi kufurahi, maana pichi gumu halivurugiki motoni. Hutiwa katika maji ya moto kwa dakika moja ili ganda livuke, likakatwa, likakamuliwa ndimu, likatiwa sukari na iliki ya kutwangwa, likaachwa lijitoe maji. Sufuria hupakwa samli. Unga wa ngano, sukari, maziwa na bekingi pauda hukorogwa mpaka uwe mzito wa kumiminika, kisha humiminwa juu ya matunda. Wengine hutia tui mahali pa maziwa, na hao hawakukosea. Sufuria huwekwa ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye mchanga mkavu chini, hufunikwa, na makaa hupaliwa. Juu yawe mengi kuliko chini, kwani sukari ya matunda iko chini na huungua upesi kuliko mtu anavyodhani. Mahali pasipo na pichi, embe la Mkuranga au nanasi la Kiwangwa hushika nafasi. Nanasi lina maji mengi na lataka kuchemshwa kwanza.

Haya yote yahitaji unga, sukari na mafuta, na kulikuwa na miaka ambayo havikuwapo. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, maduka ya Dar es Salaam yalibaki na rafu tupu. Sukari ilipatikana kwa foleni, na katika mitaa mingi kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi. Unga wa mahindi ya njano wa msaada uliitwa "yanga", kwa rangi ya timu. Hata watu wa Simba waliula. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na mfuko wa sukari uliofichwa chini ya kitanda kwa ajili ya Idi uliweza kumtia mtu matatani. Mlango ulianza kufunguka mwaka uliofuata, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingizwa kwa fedha za mtu mwenyewe. Anayetaka kujua kwa nini mama wa makamo wa Temeke hupima sukari kwa kikombe kilichosawazishwa kwa kisu, na hajazi kamwe, haihitaji kutafuta mbali.

Na unga wenyewe ulikuwa na deni lake. Sehemu ya ngano ya nchi katika miongo hiyo ilitoka katika mashamba makubwa ya Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, juu ya ardhi waliyoichungia Wabarbaig. Wafugaji hao walikwenda mahakamani kuidai ardhi yao. Keki ya mjini haikuyataja hayo.

Sasa ni zamu ya mkaa. Dar es Salaam ndiyo soko kubwa la mkaa nchini, na misitu iliyokuwa karibu nayo, Pugu na Kazimzumbwi, imekwisha kulipa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Hakuna hoja ya haki ya kuupinga: moshi umeua wengi uani, hasa wanawake, na mti hauoti kwa kasi ya jiko. Ila wanaosifu mtungi wa gesi husahau kwamba gesi ina moto wa chini tu. Oveni bado ni ghali, na umeme una bei yake. Mwokaji wa Tandika au Mbagala aliyepewa mtungi bila oveni amepokea jiko la kuchemshia, kama seredani ilivyokuwa kabla ya bati na makaa.

Baadhi yao wamekwisha kubuni. Mkate huivishwa kwa gesi ndani ya sufuria nzito iliyofunikwa, kwa moto mdogo sana, kisha hupinduliwa ili uso nao uguse chuma. Kwa mkate wa kumimina hilo hufaulu kiasi. Kwa pichi lililofunikwa unga haliwezekani, kwa kuwa matunda yangemwagika. Basi hubaki jambo moja: gesi chini, na juu ya kifuniko vipande vitano au sita vya mkaa, vilivyowashwa pembeni katika kopo la maziwa lililotobolewa, kwa robo saa ya mwisho tu, mpaka uso ubadilike rangi.