Pini ya Tatu: Safari ya Soketi Hadi Kambi za Mikumi

Gari la kulala ndani likiingia Mikumi jioni kutokea Iringa, dereva akaomba umeme kambini, ataoneshwa soketi ya matundu matatu bapa, sawa na ile ya sebuleni kwa mtu yeyote hapa nchini. Kama gari limetoka Ulaya au Afrika Kusini, ubavuni lina plagi ya buluu, nene, yenye pini tatu za mviringo na uwezo wa ampea 16. Haziingiliani. Ndipo adapta inapotolewa kwenye boksi la vifaa.

Umeme wa umma ulianza Tanganyika mwaka 1908, Wajerumani walipoufikisha Dar es Salaam kwa karakana za reli na sehemu ya mji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaangukia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1931 ukakabidhiwa kampuni mbili binafsi, mojawapo TANESCO. Waingereza walikuja na plagi zao za pini nene za mviringo, na mpaka leo fundi anayekarabati nyumba ya zamani anaweza kuzikuta ukutani, zimepakwa rangi juu kwa juu.

Pini bapa zilikuja baadaye, na zilitokana na Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilipokuwa inapanga kujenga upya nyumba zilizobomolewa na mabomu, shaba ilikuwa adimu. Kamati ya watu 20, mwanamke akiwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, ilipendekeza waya uzunguke nyumba nzima kama pete, na fyuzi iwekwe ndani ya plagi yenyewe. Kiwango chake, BS 1363, kilitoka mwaka 1947. Uamuzi wake ninaouthamini kuliko yote ni huu: pini ya juu, ile ya ethi, iwe ndefu kuliko wenzake. Inapoingia hufungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini, ili kidole cha mtoto kisifike kwenye umeme. Na kwa urefu wake hugusa kwanza na kuachia mwisho, kwa hiyo hakuna wakati ambapo kifaa kina umeme bila ethi.

Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Miaka 11 baadaye, bwawa la Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu, lililojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na Sweden, likaanza kuzalisha umeme, na nyaya za kilovolti 220 zikavutwa kwenda Morogoro hadi Ubungo, zikikatiza mbuga yenyewe. Mwaka 1980 mitambo ya Kidatu ilifikia minne, megawati 204 kwa jumla. Lakini kupitiwa na nyaya si kupata umeme. Msongo mkubwa namna hiyo hauwezi kushushwa kwa transfoma ya kijijini, na sehemu nyingi za vijijini zilisubiri hadi kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005.

Kidatu kuna somo jingine la vitu visivyoingiliana. Reli ya tawi inayotoka Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, inayokutana nayo hapo, ina 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, mabehewa hayawezi kuendelea na safari, na mzigo hulazimika kuhamishwa pale.

Kwenye soketi, sisi tumezoea njia ya mkato. Chaja ya pini mbili ikikataa kuingia, mtu anachukua kalamu au kijiti, anakisukuma kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, chaja inaingia. Kwa simu yenye ganda la plastiki huenda kusitokee kitu. Kwa gari la kulala ndani hali ni tofauti kabisa, kwa sababu bodi ni ya chuma na matairi ya mpira yanalitenga na ardhi. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, gari zima linabeba umeme kimya kimya. Atakayeshika kitasa akiwa peku kwenye majani yenye umande ndiye anayegeuka kuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Adapta ya pini mbili ambayo haiunganishi ethi inafaa kukataliwa pale pale kambini, hata mgeni akilalamika.

Kingine ni uzito wa mzigo. Plagi yetu ni ya ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Birika na jiko la umeme vikiwashwa pamoja ndani ya gari, fyuzi inakatika, na hapo imefanya kazi yake. Anayeibadilisha kwa kipande cha waya anahamishia moto kwenye ekstensheni, tena ikiwa bado imekunjwa. Magari ya Marekani yana shida kubwa zaidi: mengi yametengenezwa kwa volti 120, na adapta hubadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zile zile 230. Hayo yanahitaji transfoma.

Mwenye kambi anayetaka kuwapokea wageni hawa afunge soketi ya nje inayostahimili mvua, aweke kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, na achimbie chini nondo ya shaba ya ethi. Nondo hiyo ipimwe Septemba au Oktoba, udongo wa Mikumi ukiwa umekauka kabisa, kwa sababu ardhi kavu hupitisha umeme kwa shida. Kipimo cha Aprili, mvua ikinyesha, kitamdanganya.