Kocha Aliyetoka Gerezani

Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa. Hatuwezi kuwalaumu, maana huyu ndiye aliyekuwa akiwakokota ndugu zao kwenda gerezani. Ilibidi Barnaba amchukue, amlete mbele ya mitume na kuwaeleza yaliyompata njiani. Kanisa lilimpokea, lakini kwa ushuhuda wa mtu waliyemjua.

Swali la wanafunzi wale linaulizwa leo viwanjani: je, mwanariadha afundishwe na mtu aliyewahi kuhukumiwa? Hata katika sharika zetu wapo vijana wanaokimbia, na wapo watu waliotoka kifungoni wakiwa na ujuzi wa kuwafundisha. Tuwatazame watu wawili wa Marekani ambao habari zao zilikutana.

Mwezi Juni 2003 shirika la Marekani linalopambana na dawa haramu michezoni lilipokea bomba la sindano kutoka kwa mtu asiyejitaja. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya dawa ambayo vipimo vya wakati ule havikuweza kuigundua. Maabara ya Los Angeles iliichambua, ikaitwa THG. Aliyelipeleka bomba hilo alikuwa Trevor Graham, kocha wa wakimbiaji maarufu wa mbio fupi, na mwaka 2004 alikiri hadharani kwamba ni yeye. Dawa yenyewe ilikuwa ikisambazwa na kampuni ya BALCO ya California. Mwenye kampuni, Victor Conte, hakuwa kocha wa mbio, bali mshauri wa wanamichezo kuhusu lishe, na kwa siri aliwapa dawa.

Septemba 2003 maofisa wa serikali waliipekua BALCO. Mwaka 2005 Conte alikiri makosa mahakamani, akafungwa miezi minne gerezani na mingine minne nyumbani. Graham, aliyefichua dhambi ya mwenzake, alikuwa akificha ya kwake. Mwaka 2008 alipatikana na hatia ya kuwadanganya wapelelezi, akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha mwaka mmoja, na akafungiwa maisha kufundisha riadha.

Walioumia zaidi ni wanariadha. Marion Jones, aliyefundishwa na Graham, alirudisha medali zote tano za Sydney 2000, na mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kusema uongo mbele ya wapelelezi kuhusu dawa na kuhusu kesi ya hundi. Wenzake waliokimbia naye kupokezana vijiti nao walinyang'anywa medali, wakazirudishiwa na mahakama ya michezo mwaka 2010. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba kumchagua kocha ni jambo la mtu na nafsi yake tu.

Conte alipotoka gerezani alifanya jambo ambalo Graham hakulifanya. Mwaka 2008 alimwandikia barua Dwain Chambers, mkimbiaji wa Uingereza aliyewahi kupatikana na THG, ili aipeleke kwa wenye mamlaka. Humo alitaja aina saba za dawa alizompa, akaeleza jinsi walivyokwepa vipimo, na kwamba mwanya mkubwa ulikuwa miezi isiyo na mashindano. Baadaye alifanya kazi na mabondia, na mmoja wao, Nonito Donaire wa Ufilipino, mwaka 2012 alikubali kupimwa wakati wowote, mwaka mzima.

Je, ilikuwa toba? Conte alisema kweli baada ya kukamatwa, na biashara yake ya virutubisho iliendelea. Moyo wake ni Mungu aujuaye. Matendo ndiyo tunayoweza kuyapima: aliitaja dhambi yake kwa jina, aliuonyesha mlango alioupitia ili ufungwe, na mwanamichezo aliyefanya kazi naye alikuwa chini ya macho ya wengine. Zakayo naye hakuishia kusema amesikitika. Alitaja atakachorudisha, na kwa kiasi gani.

Tangu 2015, kanuni za dunia zinazozuia dawa michezoni zinamkataza mwanariadha kufanya kazi na mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya dawa hizo kwa angalau miaka sita tangu hukumu, au zaidi ikiwa adhabu yake ni ndefu kuliko hapo. Sisi tunaona hekima ndani yake. Mtu hafungiwi milele kwa sababu ya jana yake, wala hakabidhiwi miili ya vijana siku anayotoka gerezani.

Msamaha tunautoa bure, kama tulivyoupokea. Ulezi wa kijana ni amana, na amana hukabidhiwa aliyejaribiwa. Aliyemdhuru mtoto tutashiriki naye meza ya Bwana akitubu, lakini hatutampa tena watoto awalee, na kama toba yake ni ya kweli ataelewa kwa nini. Kwa wengine, tuwe Barnaba: tusimame nao, tuseme wazi walichotenda, wazazi wajue, na mazoezi yafanyike mbele ya watu. Kocha aliyebadilika hataona uchungu kutazamwa. Anayetaka tumwamini gizani, tumwombee, lakini tusimpe vijana wetu.